Sura ya 7: Silensa Huoza Kutokea Ndani

"Silensa niliibadilisha mwaka jana tu. Mbona imeoza tena?"

Hakuna fundi wa ekzosi ambaye hajaulizwa swali hilo. Mjini Ogembo, kusini mwa Kaunti ya Kisii, mwenye gari huja na majibu yake tayari: barabara ni mbovu, vipuri ni bandia, fundi wa mara ya kwanza alikuwa tapeli. Yote matatu huweza kuwa kweli. Ila kuna jambo ambalo majibu hayo hayalielezi. Probox inayobeba abiria kati ya Ogembo na Kisii kutwa nzima, imejaa hadi buti, mara nyingi hudumu na silensa yake kwa muda mrefu kuliko saluni ya mwalimu inayotoka nyumbani asubuhi, kwenda kilomita mbili hadi shuleni, kisha ikalala chini ya mti mpaka jioni.

"Fundi, hili gari mimi silisumbui hata kidogo," mwalimu hulalamika.

"Hapo ndipo penye shida, mwalimu. Halipati moto."

Jibu hilo ni sahihi, na sababu yake iko ndani ya lile debe la bati linaloning'inia nyuma ya gari. Kabla ya kufika huko, ni lazima ieleweke kwanza debe lenyewe hufanya kazi gani.

Kelele huzaliwa wapi

Kishindo cha gari hakianzi kwenye bomba. Huanzia kwenye valvu, yaani mlango mdogo wa chuma ulio juu ya kila silinda. Petroli ikishaungua ndani ya silinda, mlango huo hufunguka ili moshi utoke. Wakati huo moshi ungali na joto la mamia ya nyuzi na shinikizo kubwa mara kadhaa kuliko la hewa ya nje. Huchomoka kwa nguvu na kuisukuma hewa iliyo mbele yake. Msukumo huo ndio pigo la sauti.

Injini nyingi za magari madogo zina silinda nne, na kila silinda huungua mara moja katika kila mizunguko miwili ya injini. Kwa hiyo injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa mapigo 100 kila sekunde. Sikio haliwezi kuyatenganisha mapigo 100, basi huyasikia kama mngurumo mmoja mzito. Pikipiki ya bodaboda ina silinda moja tu. Ikisimama stejini huku injini ikizunguka polepole, tuseme mara 1,200 kwa dakika, hutoa mapigo 10 kwa sekunde, na sikio hulisikia kila pigo kivyake.

Mngurumo huo mzito huandamana na sauti nyembamba: mfoko wa gesi inayopita kwa kasi na mtetemo wa kuta za mabomba. Silensa hupambana na sauti za aina zote mbili, tena kwa mbinu tofauti.

Ndani ya debe

Ukiikata silensa kwa msumeno utakuta vyumba viwili, vitatu au zaidi, vilivyotengwa kwa kuta za bati. Mabomba yenye matundu mengi madogo hupenya kutoka chumba hadi chumba, na mara nyingi bomba la kuingilia halikutani na la kutokea. Moshi hulazimika kugeuka, kutawanyika kupitia matundu, kurudi nyuma, kisha kutafuta njia ya kutokea.

Moshi hupita, lakini sauti hunaswa. Sauti husafiri kwa mawimbi, na wimbi linapotoka kwenye bomba jembamba na kuingia chumba kipana, sehemu yake hurudishwa lilikotoka. Wimbi linalorudi hukutana na linalokuja. Vyumba vikiwa na vipimo vinavyofaa, msukumo wa wimbi moja huangukia kwenye mvuto wa lingine, na yote mawili hupungua. Hivyo basi silensa huzima kelele kwa kelele ileile. Vipimo vya vyumba hivyo hupigiwa hesabu kiwandani, injini kwa injini, na ndiyo maana silensa ya gari moja ikifungwa kwenye gari jingine huweza kutoa mvumo ambao fundi hawezi kuuondoa hata achomelee mara ngapi.

Mbinu ya pili ni chumba kisicho na njia ya kutokea, kilichounganishwa na bomba kwa shingo fupi. Mjerumani Hermann von Helmholtz ndiye aliyeeleza katikati ya karne ya 19 jinsi chombo cha namna hiyo kinavyoitikia sauti moja tu. Kila aliyewahi kupuliza juu ya mdomo wa chupa tupu ya soda ameshakisikia: chupa ina sauti yake, na haibadiliki hata upulize vipi. Ndani ya silensa, chumba hicho hupimwa ili kiitikie ule mngurumo unaokera zaidi na kuunyonya.

Ya tatu ni sufi ya nyuzi za kioo, au nyuzi za chuma, inayoshindiliwa kulizunguka bomba lenye matundu. Sauti ikipenya ndani ya sufi husuguana na nyuzi na kugeuka joto kidogo sana. Kwa sauti nyembamba mbinu hii haina mpinzani. Kwa mngurumo mzito haifui dafu.

Kwa nini mngurumo mzito ni mgumu hivyo? Sababu ni urefu wa wimbi. Ndani ya moshi wenye joto la nyuzi 300 hivi, sauti husafiri karibu mita 480 kwa sekunde. Mapigo 100 kwa sekunde huwa na wimbi la karibu mita tano, refu kuliko Probox yenyewe kuanzia taa za mbele hadi za nyuma. Sauti nyembamba ya mitetemo 2,000 kwa sekunde ina wimbi la sentimita 24 tu, na hilo huenea vizuri ndani ya debe. Wenyeji wa Gusii wanaijua tofauti hii bila hesabu. Obokano, ala kubwa ya nyuzi nane ya Abagusii, ikipigwa kwenye sherehe ng'ambo ya kilima, mvumo wa nyuzi zake nene hufika, na maneno ya mwimbaji hupotelea njiani. Gari lenye silensa iliyoanza kuchoka hufanya vivyo hivyo: huvuma kwanza, kisha ndipo hupasua masikio.

Kwa ufupi: kuta na vyumba huurudisha mngurumo mzito ili ujizime wenyewe, chumba kisicho na njia hunyonya sauti moja maalumu, na sufi humaliza sauti nyembamba. Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hicho kina ujanja wake: kila desibeli 10 zinazopungua, nguvu ya sauti hugawanywa kwa 10. Silensa inayopunguza desibeli 20 imeondoa asilimia 99 ya nguvu ya sauti. Asilimia moja iliyobaki ndiyo anayoisikia jirani.

Bunduki ya baba, kibomba cha mwana

Silensa ni kongwe karibu sawa na gari lenyewe. Mwaka 1897, ndugu wawili wa Columbus, jimbo la Indiana nchini Marekani, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya kifaa cha kupunguza kelele za moshi wa injini. Jina lililovuma zaidi, hata hivyo, ni Maxim.

Hiram Stevens Maxim alibuni bunduki ya rashasha mwaka 1884 jijini London, na milio ya majaribio yake mwenyewe ilichangia kumtia uziwi. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, akaenda upande wa pili: mwaka 1909 alipata hataza ya kibomba cha kunyamazisha bunduki, na kampuni yake ikaendelea kutengeneza silensa za injini.

Kwa Abagusii, rashasha si habari ya vitabuni. Mwaka 1905 msafara wa kijeshi wa Waingereza uliingia katika milima yao na bunduki ya aina hiyo, ukaua watu wengi. Miaka mitatu baadaye Mgusii mmoja, Otenyo, akamchoma mkuki afisa wa wilaya, Northcote, na msafara mwingine ukaja kulipiza kisasi. Pengine hakuna dereva wa Gusii anayeliwaza jambo hilo anapoagiza silensa, lakini jina la ukoo wa yule aliyewapa Waingereza rashasha limo katika historia ya kibomba kinachomwezesha leo kuzungumza na abiria wake bila kupaza sauti.

Lita moja ya petroli, lita moja ya maji

Sasa turudi kwenye kutu. Petroli ni muungano wa kaboni na haidrojeni. Ikiungua, haidrojeni huungana na oksijeni ya hewani na kuwa maji. Kiasi chake huwashangaza wengi: kila lita moja ya petroli inayoungua huzaa karibu lita moja ya maji. Gari linalotumia lita tano kwa siku limepitisha karibu lita tano za maji kwenye ekzosi.

Gari likiwa limepata moto, maji hayo hutoka yakiwa mvuke na hakuna anayeyaona. Lakini chuma kikiwa na joto la chini ya nyuzi 50 hivi, mvuke hugeuka matone papo hapo. Asubuhi ya baridi katika milima ya Kisii utayaona yakidondoka kwenye ncha ya bomba, na dereva mgeni huweza kudhani injini inavuja. Haivuji. Ekzosi ingali baridi, basi.

Silensa iko mwisho wa safari ya moshi, mbali kabisa na injini, kwa hiyo ndiyo ya mwisho kupata moto. Mwalimu wetu wa kilomita mbili hufika shuleni kabla debe halijapashika. Amelijaza maji, akazima injini, na maji yamebaki yametuama kwenye sakafu ya chumba cha chini. Jioni huyaongeza. Kesho vivyo hivyo. Probox ya Kisii nayo huchemka asubuhi na haipoi hadi usiku, na maji yake huishia hewani.

Tena maji yenyewe si safi. Hewa ukaa ikiyeyuka ndani yake huyafanya tindikali hafifu. Gesi za naitrojeni na salfa huyafanya makali zaidi. Kwa upande wa salfa kuna nafuu: tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo, zimeshusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, wakati Kenya hapo awali ilikuwa ikiruhusu 500. Silensa za matatu na malori ya dizeli zimefaidika na uamuzi uliochukuliwa kwa ajili ya mapafu ya watu.

Viwanda vinaijua shida ya maji, na ndiyo maana silensa nyingi huwa na kijitundu chembamba upande wa chini. Kazi yake ni kutoa maji. Fundi asiyejua hukiona kimelowa masizi, akadhani ni uvujaji, akakiziba kwa kuchomelea. Kazi hiyo hulipiwa, na mwenye gari huondoka ameridhika na debe ambalo sasa halina pa kumwaga maji.

Kutu pia hutoka nje, ingawa kwa kawaida hiyo ni ya polepole. Tope jekundu la barabara za Kenyenya au Nyamarambe hugandamana juu ya debe na kushikilia unyevu kwa siku kadhaa. Mombasa na Lamu kuna upepo wa chumvi. Na kuna kutu inayokuja na meli: magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha theluji, huweza kushuka bandarini tumbo likiwa limeshaanza kuliwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika la zaidi ya miaka minane, lakini miaka minane ya chumvi si haba.

Kwa ufupi: gari hutengeneza maji yake lenyewe, safari fupi huyaacha ndani, na maji hayo huwa na tindikali. Debe linapotoboka nje, ndani limeshaoza zamani.

Matuta, mawe na mipira

Probox nayo haisalimiki. Hufa kifo cha aina nyingine. Chuma hutanuka kikipata moto. Bomba la mita tatu likipanda nyuzi 300 hurefuka kwa karibu sentimita moja, kisha hujikunja tena likipoa. Kwa sababu hiyo ekzosi haifungwi kwa bolti kwenye chesi. Huning'inizwa kwa vishikizo vya mpira vinavyoiacha iende na kurudi.

Mpira mmoja ukikatika, uzito wote huangukia iliyobaki. Gari lililopakia mikungu ya ndizi na watu kuliko viti vyake hukaa chini, debe hugonga tuta, na bomba hupasuka pale lilipochomelewa. Ndani nako kuta za bati huachana na mabomba kwa kutetemeka, na hapo ndipo husikika ule mchakacho wa kokoto ndani ya debe wakati wa kuwasha gari. Sufi huchomeka na kupeperushwa nje kidogo kidogo. Silensa ikaonekana nzima kwa macho ilhali haina kitu tumboni.

Mpira wa kuning'inizia ni wa bei ya chini mno ukilinganisha na silensa. Madereva wengi huufunga kwa waya. Waya haunyumbuki, na ufa unaofuata huwa kwenye bomba.

Kelele ndiyo dalili iliyo salama

Ekzosi iliyotoboka nyuma husumbua masikio. Iliyotoboka mbele, chini ya miguu ya dereva, huweza kuua. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, kwa hiyo kiasi kidogo tu hutosha kuleta maumivu ya kichwa, usingizi na kichefuchefu. Abiria hudhani ni kona za barabara.

Mtindo wa kusafiri na buti wazi ili mzigo au watu waenee huongeza hatari hiyo. Gari likienda, hewa iliyo nyuma yake huvutwa ndani kupitia mlango huo, na moshi huja nayo hata kama ekzosi ni nzima.

Kuna hasara ya mfukoni pia. Magari ya sasa yana sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, inayoiambia kompyuta kama mafuta yanatosha. Bomba likivuja kabla ya sensa, hewa ya nje huingia, sensa hudanganyika, na kompyuta huongeza petroli isiyohitajika.

Dalili za kutazamwa, bila vifaa vyovyote:

- mvumo mzito mpya unaozidi gari likipanda mlima;
- mchakacho wa vipande ndani ya debe wakati wa kuwasha;
- alama nyeusi za masizi kwenye maungio ya bomba;
- debe linalotoa sauti butu na kubonyea likigongwa kwa mpini wa bisibisi gari likiwa limepoa;
- harufu ya moshi ndani ya gari, au abiria wanaolalamika kuumwa kichwa pamoja.

Dalili hiyo ya mwisho haingoji Jumamosi.

Je, gari bila silensa lina nguvu zaidi?

Hili nalo huulizwa sana, hasa na vijana wa Subaru na waendesha bodaboda. Silensa iliyoziba kwa masizi au bati lililoanguka ndani hula nguvu kweli, na ukiiondoa gari huchangamka. Kutokana na hilo imezuka imani kwamba kila silensa hula nguvu. Kwa injini ya kawaida, silensa nzima inayolingana na gari hugharimu nguvu kidogo sana, kiasi ambacho dereva wa mlima wa Ogembo hawezi kukitambua. Anachokitambua ni kelele, na kelele humfanya aamini anakwenda kasi.

Sheria haimuungi mkono. Kanuni za trafiki za Kenya zinataka kila gari lenye injini ya mafuta liwe na silensa inayofanya kazi, na kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, zikaongeza makali. Magari ya abiria hukaguliwa kila mwaka, na ekzosi ni miongoni mwa vitu vinavyotazamwa.

Kuchomelea au kununua

Kiraka hufaa pale ufa ulipo kwenye chuma ambacho bado ni kizima: bomba lililopasuka kwa kugongwa, au ungio lililoachana. Kwenye debe lililooza kutokea ndani, kiraka hakina cha kushika. Moto wa kuchomelea huunguza pia tabaka la alumini au zinki lililokuwa likilinda bati, na kutu mpya huanzia pembeni mwa kiraka chenyewe. Bati lenye zinki hutoa pia moshi mweupe ambao humletea fundi homa usiku, kwa hiyo kazi hiyo ifanyiwe nje, palipo na upepo.

Silensa za juakali, zinazokunjwa kwa mkono kutokana na bati jipya au pipa la zamani, huzima kelele kwa kiasi cha kuridhisha, ila vyumba vyake havikupimiwa injini yoyote maalumu. Zilizotolewa kwenye magari ya Japani hulingana na gari, lakini mnunuzi haoni ndani. Aitikise: ikichakacha, airudishe. Aiinamishe: ikimwaga maji ya rangi ya kutu, bei ishuke au aondoke. Ya chuma cha pua ni ghali zaidi, na kwa mtu wa safari fupi ndiyo inayolipa, kwa kuwa huvumilia tindikali kwa muda mrefu zaidi.

Na kama kazi ni ya kuchomelea kwa umeme ilhali debe lingali kwenye gari, waya wa betri ung'olewe kwanza. Kompyuta ya injini ina bei ya silensa nyingi.